Wino orijino, wino mbadala au wino wa kaboni: upi uchapie picha nyeusi na nyeupe?

Picha iliyonilazimisha kulinganisha aina za wino ilikuwa ya mzee mmoja wa Ujiji, aliyepigwa akiwa kijana, amevaa kanzu na kofia ya viua, amesimama mbele ya mlango wa mbao. Ililetwa studioni kwangu, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, ikiwa imepasuka kona mbili na imeshikwa na ukungu pembeni. Niliiskani, nikaisafisha kwa siku mbili, kisha nikaichapa kwa ukubwa wa A4 kwenye karatasi ya kung'aa, kwa printa ya matangi sita ambayo wakati huo nilikuwa nimeijaza wino mbadala wa chupa, yaani wino usiotengenezwa na kampuni ya printa yenyewe. Chini ya taa ya studio picha ilitoka vizuri, nami niliridhika nayo. Haikupita miezi minane, mtoto wa yule mzee, ambaye sasa naye ana wajukuu, akairudisha ikiwa ndani ya fremu yake. "Mwanangu, hebu tazama hapa chini ya kofia," aliniambia. "Baba amekuwa wa kijani." Nilitoka nayo hadi mlangoni penye mwanga wa mchana, nikaona kweli: kivuli cha usoni, mikunjo ya kanzu na mbao za mlango, vyote vilivyokuwa vya kijivu, vilikuwa vimegeuka rangi ya maji ya dimbwi.

Nilimchapia nyingine bila malipo, na tangu hapo sichapi picha ya ukumbusho kabla ya kujiuliza itaning'inizwa wapi na inatakiwa idumu kwa muda gani. Ulinganisho huu nauandikia wenzangu wenye studio ndogo hapa Kigoma, na wale wa Tabora wanaofanya kazi ileile katika hali ya hewa iliyo kavu zaidi, ili wachague wakijua wanachokinunua.

Kwa nini kijivu ni kigumu

Watu wengi hudhani kwamba picha nyeusi na nyeupe ni kazi rahisi kwa printa, kwa kuwa haina rangi. Ukweli ni kinyume chake. Katika picha ya rangi, wekundu uliozidi kidogo hufichwa na khanga, na majani, na ngozi yenyewe. Katika picha ya kijivu hakuna pa kuuficha, na jicho la mtu ambaye hajawahi kushika kamera hutambua mara moja kwamba kijivu hiki kimeegemea kijani au zambarau, hata kama hawezi kukueleza sababu.

Printa ya kawaida ya matangi sita, kama Epson L805 au L1800, ina wino mweusi mmoja tu, pamoja na sayani (buluu yenye ukijani), majenta (wekundu wenye uzambarau), njano, sayani hafifu na majenta hafifu. Ukiiagiza ichape picha isiyo na rangi kwenye karatasi ya picha, mara nyingi haitegemei wino mweusi peke yake, kwa sababu nukta nyeusi zilizotawanyika kwenye sehemu angavu, kama shavu au anga, zingeonekana kama punje za mchanga. Badala yake huchanganya rangi ili zikikutana zitoe kijivu laini. Kwa hiyo kijivu unachokiona ni mizani iliyosimamishwa kwa rangi tatu au zaidi, na mizani hiyo ilipimwa na mtengenezaji kwa wino wake mwenyewe. Ukiweka wino mwingine ambao majenta yake ina nguvu kidogo zaidi, mizani inainama tangu siku ya kwanza. Na hata kama haikuinama siku ya kwanza, rangi hizo hazifi kwa kasi moja. Mwanga mara nyingi hula majenta mapema, picha ikabaki na ukijani, na ndivyo ilivyompata mzee wangu wa Ujiji, kwani fremu yake ilikuwa imetundikwa kuelekea dirishani. Ozoni iliyomo hewani, kwenye karatasi yenye vinyweleo isiyofunikwa kwa kioo, mara nyingi hula sayani kwanza, picha ikabaki na wekundu.

Kuna pia kasoro ambayo haisubiri miezi. Kijivu kilichojengwa kwa rangi hubadilika kulingana na taa: chini ya balbu ya manjano kinaonekana kina wekundu, ukikitoa nje kinaonekana kina ukijani. Mteja huipokea picha chini ya taa ya studio, halafu huitazama maisha yake yote chini ya taa ya sebuleni kwake.

Dai na pigimenti

Kabla ya kulinganisha majina ya chupa, linganisha kilichomo ndani. Wino wa dai ni rangi iliyoyeyuka kabisa katika maji, kama sukari katika chai. Wino wa pigimenti ni chembe ndogo sana ambazo hazijayeyuka bali zinaelea, kama chokaa ndani ya ndoo, na chupa yake ikikaa rafuni bila kutikiswa chembe hutuama. Dai huingia ndani ya karatasi, hung'aa vizuri na haizibi kwa urahisi kichwa cha printa, yaani sehemu inayomwaga wino, lakini hupauka upesi zaidi na hutembea ikishikwa na unyevu. Pigimenti hukaa juu ya karatasi, hustahimili mwanga na maji vizuri zaidi, lakini huziba kichwa printa ikikaa bila kazi. Na kati ya pigimenti zote, ile ya kaboni, ambayo kwa asili ni ndugu wa masizi ya kibatari, ndiyo inayostahimili mwanga kuliko nyingine zote.

Printa nyingi za matangi zinazouzwa kwetu kwa kazi za picha hutumia dai. Maana yake ni kwamba hata wino orijino wa mashine hizo una kikomo chake, na asije mtu akakuambia kuwa neno "orijino" peke yake linatosha.

Njia ya kwanza: wino orijino

Faida kubwa ya wino orijino ni utulivu. Chupa ya leo na chupa ya mwaka ujao zina wino uleule, na profaili za karatasi zilizomo kwenye programu ya printa, yaani maelekezo ya kuchanganya rangi kwa kila aina ya karatasi, zilitengenezwa kwa wino huo. Katika printa ya matangi sita, wino orijino hukupa kijivu kinachokubalika bila kuhangaika sana, na fremu yenye kioo iliyo mbali na jua huongeza maisha ya picha kwa kiasi kikubwa.

Lakini mtu anayechapa picha nyeusi na nyeupe kama kazi yake ya kila wiki anapaswa kujua kwamba zipo printa zilizojengwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 2005 Epson ilitoa wino wa pigimenti unaoitwa UltraChrome K3, wenye ngazi tatu za weusi zinazofanya kazi pamoja: mweusi kamili, mweusi hafifu na mweusi hafifu zaidi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kijivu sasa inajengwa kwa wino wa kijivu, na rangi huongezwa kidogo tu ili kurekebisha mwelekeo, picha haibadilikibadiliki chini ya taa tofauti. Canon nayo ina mashine za pigimenti zenye wino wa kijivu. Hata katika mashine mpya za matangi zipo zenye tangi la kijivu, ingawa kijivu hicho ni cha dai.

Kasoro ya njia hii ni gharama, na kwetu sisi ni umbali pia. Katriji za printa ndogo za pigimenti zina mililita chache sana zikilinganishwa na chupa ya mililita 70 ya printa ya matangi, na kila moja hutuhitaji tuagize Dar es Salaam na kusubiri mzigo. Kuna nyakati kazi yangu imesimama siku nne kwa sababu ya katriji moja ya mweusi hafifu, ilhali nyingine saba zilikuwa zimejaa.

Njia ya pili: wino mbadala wa bei nafuu

Hapa ndipo wengi wetu tulipo. Wala sioni aibu kusema kwamba wino mbadala umewawezesha vijana wengi kufungua studio, maana bila huo bei ya picha ya paspoti ingekuwa nyingine kabisa. Kwa kazi ambazo umri wake ni mfupi, yaani paspoti, vitambulisho, ratiba za mazishi, kadi za mwaliko na chapa za majaribio za kumwonyesha mteja, ninautumia na nitaendelea kuutumia.

Shida ni kwamba "wino mbadala" ni jina moja la vitu vingi. Zipo kampuni zinazotengeneza wino kwa makini, zinaandika kama ni dai au pigimenti, zinataja printa ambazo wino huo unazifaa na zinatoa profaili zake za karatasi. Zipo pia chupa zenye picha ya printa ubavuni na maneno ya sifa, bila kueleza kilichomo ndani. Wino ulionitia aibu niliuuziwa katika duka moja kama wino wa picha, kwa maneno ya muuzaji kwamba "haupauki". Niliponunua tena chupa zenye lebo ileile, majenta ilikuwa na nguvu kuliko ya kwanza, na picha zote za kijivu zikatoka na uzambarau. Nilijaribu kurekebisha kwa vitelezi vya rangi kwenye programu. Nikifaulu kwenye sehemu za giza, sehemu angavu zinaharibika. Nikirekebisha sehemu angavu, sehemu za giza zinarudi zilikotoka. Kosa la wino halinyooshwi kwa kitelezi kimoja, kwa sababu haliko sawa katika ngazi zote za kijivu. Dawa yake ni kutengeneza profaili kwa kifaa cha kupimia rangi, na profaili hiyo inafaa kwa chupa hizo tu.

Ukiamua kwenda na wino mbadala kwa picha nyeusi na nyeupe, chagua aina moja na ubaki nayo. Nunua chupa za kutosha miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja ili rangi zote ziwe za toleo moja. Usichanganye wino wa watengenezaji wawili ndani ya tangi moja, na usiweke kamwe pigimenti kwenye tangi lililokuwa na dai bila kusafisha mfumo mzima, kwani aina mbili za wino zinaweza kugandana na kuziba mirija. Fahamu pia kwamba mtengenezaji wa printa anaweza kukataa kugharamia kwa dhamana kichwa kilichoharibiwa na wino usio wake.

Njia ya tatu: wino wa kaboni kwa ajili ya kijivu peke yake

Watu wanaposema vibaya juu ya wino usio orijino, husahau kwamba baadhi ya chapa bora kabisa za picha nyeusi na nyeupe zilitokana na wino huohuo usio wa kampuni ya printa. Wapiga picha wa Marekani hawakuridhika na kijivu cha printa za rangi, wakaamua kutoa rangi zote ndani ya mashine na kuweka badala yake ngazi mbalimbali za kijivu. Jon Cone, mchapaji wa jimbo la Vermont, alitengeneza mfumo wa Piezography, na toleo lake linaloitwa K7 lina ngazi saba, kuanzia mweusi kamili hadi kijivu kinachokaribia maji matupu. Paul Roark alichukua njia ya gharama ndogo zaidi: aliandaa fomula za kuzimua wino mweusi wa kaboni unaoitwa Eboni ili mtu ajaze ngazi sita katika printa ya nafasi sita. Roy Harrington naye aliandika programu ya QuadTone RIP, ambayo huiambia printa ni nafasi ipi imwage kijivu kipi, na kwa kiasi gani, kwa kila ngazi ya picha.

Nilipoona kwa mara ya kwanza chapa ya namna hii, nilitazama ukuta wa chokaa uliokuwa ukiwakwa na jua la saa sita mchana. Katika chapa zangu ukuta kama huo ulikuwa karatasi tupu; pale niliona alama za mkono wa fundi kwenye lipu. Sababu yake si muujiza. Sehemu angavu imejengwa kwa nukta nyingi za wino hafifu sana zilizobanana, badala ya nukta chache nyeusi zilizotengana, na hivyo ngazi moja inaingia katika nyingine bila jicho kuona daraja. Na kwa kuwa hakuna rangi za kupoteza mizani, picha ya kaboni tupu haigeuki kijani, na haibadiliki ukiihamisha kutoka kwenye taa kwenda juani.

Masharti yake, hata hivyo, ni mazito. Mashine ikishawekewa wino huu haichapi tena rangi. Ni lazima uwe na printa ya pili. Mifumo niliyoitaja imejengwa juu ya printa za Epson, ambazo kichwa chake husukuma wino kwa kipande kinachojikunja kwa umeme bila kuuchemsha, tofauti na mashine za Canon na HP ambazo nyingi hutumia joto. QuadTone RIP nayo haikubali kila Epson, kwa hiyo hakiki orodha ya mashine zake kabla ya kununua printa iliyotumika. Kaboni tupu ina wekundu wa kahawia kwenye karatasi nyingi. Mimi naupenda, unafanana na picha za zamani, lakini mteja anayetaka kijivu baridi atahitaji wino uliochanganywa na pigimenti ya bluu kidogo, na hiyo bluu haidumu kama kaboni yenyewe. Eboni ni ya karatasi isiyong'aa, kwa hiyo ukiitaka picha ya kung'aa huendi nayo. Piezography ina njia ya kung'aa, ambayo hutumia kimiminika kisicho na rangi kinachopakwa juu ya wino. Tena karatasi isiyong'aa haiwezi kutoa weusi mzito kama wa karatasi ya kung'aa, ijapokuwa picha hiyo ikiwekwa nyuma ya kioo tofauti hupungua sana. Juu ya yote, wino wenyewe unatoka ng'ambo, na usafirishaji unaweza kukugharimu karibu sawa na chupa.

Hali yetu hapa

Hakuna ulinganisho wa Ulaya au Marekani utakaokueleza mambo matatu ambayo hapa ndiyo yanayoamua. La kwanza ni unyevu wa ziwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, karatasi iliyoachwa nje ya mfuko wake hujikunja, na chapa ya dai iliyofungiwa mapema kwenye kioo huacha ukungu ndani ya fremu au hunatana na kioo. Katika miezi hiyo naiacha chapa ya dai ikauke siku mbili kabla ya kuifunga, nikiweka fremu ya kadibodi pembeni ili picha isiguse kioo. Kwa upande wa unyevu, pigimenti inashinda waziwazi.

La pili ni vumbi na ukame, ambao wenzetu wa Tabora wanaujua kuliko sisi. Kati ya Juni na Septemba pigimenti hukauka upesi kwenye kichwa, na printa iliyokaa wiki mbili bila kazi hutoa chapa ya majaribio yenye mistari iliyokatika. Usafishaji wa kichwa hunywa wino mwingi. Ninachapa ukurasa mmoja wa majaribio kila Jumatatu na Alhamisi, kuwe na kazi kusiwe na kazi, na naifunika mashine kwa kitambaa safi.

La tatu ni umeme. Umeme ukikatika katikati ya uchapaji, kichwa hubaki pale kilipofika, nje ya kifuniko chake cha mpira, na wino huanza kukauka hapo hapo. Kwa dai unaweza kusubiri umeme urudi. Kwa pigimenti nakushauri usianze kabisa kabla hujapata kifaa cha betri cha kushikilia mashine walau dakika kumi, ili imalize ukurasa na uizime kwa kitufe chake.

Jaribu kabla ya kuamini

Usichukue neno langu wala la muuzaji. Chapa ngazi ya kijivu kutoka nyeupe hadi nyeusi, vyumba ishirini na kimoja, kwa kila wino unaoufikiria. Itazame chini ya balbu, halafu mlangoni mchana, na uandike ni chumba kipi kilichobadilika. Kisha kata chapa hiyo vipande viwili: kimoja kitie ndani ya bahasha kabatini, kingine kibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa kadibodi nene. Baada ya miezi mitatu vilinganishe. Wino ulioniharibia kazi ulionyesha mpaka wa kadibodi baada ya wiki tatu tu. Orijino ya dai ilionyesha mpaka hafifu mwishoni mwa miezi mitatu. Kipande cha kaboni sikuweza kuona mpaka wake. Hayo ni matokeo ya dirisha langu moja, na dirisha lako lina jua lake. Mwisho dondosha tone la maji kwenye kila kipande, ulifute baada ya dakika moja.

Mimi nimechagua hivi

Printa yangu ya matangi sita sasa ina wino orijino na ndiyo inayochapa picha nyingi za wateja, zikiwemo nyeusi na nyeupe za kawaida. Printa ndogo ya zamani ina wino mbadala kwa paspoti na ratiba. Ya tatu, niliyoinunua imetumika, ina kaboni ya ngazi sita, na inachapa vitu viwili tu: picha za marehemu na wazee zinazohitaji kurithiwa, na picha kubwa za stesheni yetu ya reli na za Liemba, meli iliyoundwa mwaka 1913, ambazo nyumba za wageni huzinunua kwa ajili ya kuta zao.

Kama studio yako inatoa chini ya picha tano kubwa nyeusi na nyeupe kwa mwezi, usinunue mashine ya kaboni. Itaziba na itakukatisha tamaa. Baki na orijino, mweleze mteja wazi kwamba picha isitundikwe penye jua, na hifadhi faili ili umchapie upya ikibidi. Kama unatoa picha kama hizo kila wiki, na unayo nafasi ya mashine ya pili, kaboni itakulipa kwa ubora kabla ya kukulipa kwa fedha. Na kama uwezo ulio nao leo ni wa wino mbadala peke yake, fanya jaribio la dirisha kwanza, na usimwambie mtu kwamba picha ya baba yake itadumu mpaka utakapokuwa umekitoa kipande kile dirishani na kukiweka mezani kando ya kile cha bahasha.